Aliyehesabu Matairi

Madereva wenzake walimwita Upepo, na jina likamkaa. Zaidi ya nusu ya umri wake aliimaliza kwenye malori ya masafa marefu, nyumbani akipita kama mgeni aliyekuja kuchaji simu. Sasa alikuwa ameacha kazi, na mkewe, fundi cherehani asiyemung'unya maneno, hapati raha. Mwanamume alihamisha kabati, akalirudisha. Alifungua bomba lisilovuja, likaanza kuvuja.

"Baba watoto, twende tukatembee," mkewe akamwambia hatimaye. "Mimi, wewe na binti yako. Hifadhi za magharibi, zote tatu. Nataka nikuone umetulia mahali pamoja ukitazama kitu. Ukishindwa, rudi kwenye malori yako, tujue moja."

Kumbe tajiri wake wa zamani alikwisha kumpigia simu. Kuna trela jipya halina dereva, na jibu lilitakiwa kabla ya wiki kwisha. Upepo hakumwambia mtu. Aliazima gari la shemeji yake, akapakia mablanketi na chupa za chai, wakaondoka.

Safari gani sasa ile! Hifadhi ya kwanza aliipita kama mtu aliyebeba samaki wabichi.

"Baba, tembo wale!" binti akapiga kelele.

"Nimewaona," akajibu, macho yakiwa kwenye kipimo cha joto la injini.

Penye bwawa la viboko alizima gari, akawasha, akazima tena. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukitikisika wenyewe. Mkewe akautazama ule mguu.

Katika hifadhi ya pili walipumzika kwenye banda la kutazamia wanyama, lililozungushiwa uzio, lenye askari wake wa hifadhi. Mama alikuwa amehamia kiti cha nyuma ili ajinyooshe katikati ya mablanketi, binti akakaa mbele na vidude vya muziki masikioni. Walishuka wote kunywa chai. Mama akaenda upande wa pili wa banda, kwenye benchi linalotazama bonde. Simu ikatetemeka mfukoni mwa Upepo. Tajiri. Hakuipokea, lakini mwili mzima ulimwasha. Akatoa rungu lake la zamani, ambalo alikuwa amekuja nalo hata yeye hajui kwa nini, akalizunguka gari akihesabu matairi, akigonga moja baada ya jingine na kusikiliza mlio. Hivyo ndivyo alivyoondoka kila mahali maisha yake yote. Matairi yakiitika vizuri, hakuna la kungoja. Binti alikwisha kupanda na kufumba macho. Upepo naye akapanda, akatia gia.

Njiani aliongea na kiti cha nyuma.

"Mama watoto, umenuna?"

Kimya.

"Haya, nuna. Lakini hifadhi ya tatu ndiyo yenye simba."

Langoni mwa hifadhi ya tatu mlinzi aliinama dirishani. "Mko wangapi, mzee?"

"Watatu."

"Mbona naona wawili?"

Upepo aligeuka. Akayainua mablanketi yote, hata lile dogo lisiloweza kuficha paka. Binti akachomoa vidude masikioni, akampigia mama, simu ikalia palepale kiti cha nyuma, akaangua kilio. Mizigo ya watu Upepo aliisafirisha miaka nenda miaka rudi bila kupoteza hata kiroba, leo amempoteza mke.

Akageuza gari kurudi hifadhi ya pili. Ndani ya hifadhi huruhusiwi kukimbia wala kupiga honi, na twiga mmoja aliamua kusimama katikati ya barabara akitafakari mambo yake. "Pita basi, nakuomba," Upepo akambembeleza. Aliona aibu, aliogopa, na kwa mara ya kwanza katika safari ile alimtazama mnyama kutoka kwato hadi pembe.

Walimkuta mama palepale kwenye benchi, amenyoosha miguu, anamtazama tembo na mtoto wake bondeni. Hakusimama.

"Mama watoto, nisamehe. Ulifikiri nimepatwa na nini?"

"Nilifikiri umeondoka."

"Hukuogopa?"

"Niogope nini? Umeniacha mara ngapi? Nimezoea."

Hakulisema kwa hasira. Afadhali angelisema kwa hasira. Askari wa hifadhi alijifanya anafunga kamba za viatu, na Upepo akatamani angalau mtu amtukane.

"Nipe funguo," mkewe akasema.

"Za nini? Wewe tangu lini unaendesha?"

"Anaendesha vizuri, baba," binti akadakia. "Nilipovunjika mkono, nani unafikiri alinipeleka hospitali? Aliazima gari la jirani."

Habari za ule mkono Upepo alizipata kwa simu, akiwa na foleni ya malori mbele yake na nyingine nyuma. Hakuuliza nani aliyeendesha. Akatoa funguo.

Akakaa upande wa abiria, mguu ukikanyaga breki isiyokuwepo kila penye kona. Mkewe aliendesha polepole, mkono mmoja tu kwenye usukani. Simu ikaita.

"Pokea," akasema bila kugeuka. "Ni tajiri wako. Siku moja alikukosa, akanipigia mimi, kabla hata hatujafunga mizigo."

Alikuwa anajua tangu mwanzo! Upepo akaishika simu. Trela jipya, barabara tupu alfajiri, hakuna wa kumuuliza kitu. Alivitaka vile vyote, alivitaka sana.

"Tajiri," akasema, "tafuta mtu mwingine. Mimi sirudi."

Mkewe aliendesha mpaka penye kundi la pundamilia, akasogea pembeni, akazima gari na kutia funguo kwenye pochi yake. Mguu wa Upepo ukaanza kutikisika. Mkewe akaweka mkono juu ya goti lake.

"Tutakaa hapa mpaka lini?" Upepo akauliza.

"Mpaka waondoke wao kwanza."