Upande wa Kupokea

Mdogo wangu alirudi mchana kweupe, akasimama mlangoni mwa karakana kama mteja aliyekuja kuulizia kabati. Mimi nilikuwa napaka vanishi mguu wa kiti. Sikumkaribisha. Mtu aliyemkata baba yake vidole kwa ulevi, kisha akatoroka damu haijakauka, harudi bure. Ana lake jambo.

Baba alimkumbatia na vumbi lake lote la mbao. Hakumuuliza alikotoka. Akamtolea koti la kazi aliloliacha mdogo wangu, limefuliwa na kukunjwa. Miaka yote Baba alikuwa akilifua pamoja na yetu, na mimi nikidhani uzee umemwingia.

"Dada, anataka nini?" mdogo wangu alininong'oneza Baba alipokwenda kunawa.

"Wewe ndiye utuambie unataka nini."

"Hajanigombeza hata kidogo. Kuna kitu ananipangia."

Nikamsogelea, nikanusa pumzi yake. Ilikuwa safi. Hata hiyo sikuiamini, nikasukumia patasi mpya chini ya benchi asije akaiuza anywee.

Kwetu mbao ndefu hupasuliwa na watu wawili. Mmoja anasukuma, mwenzake anasimama ng'ambo ya msumeno wa meza na kupokea. Anayesukuma akiwa na pupa, vidole vya anayepokea ndivyo vinavyokwenda. Tangu ajali ile Baba hakuruhusu mtu mwingine amsukumie ila mimi.

Sasa, aliporudi kunawa, akalaza ubao juu ya meza, akazunguka upande wa kupokea, akamtazama mdogo wangu.

"Sukuma, mwanangu."

Nilipiga kelele. "Baba! Una akili kweli?"

Mdogo wangu alirudi nyuma. "Kama ni kunipima, Baba, nilishashindwa zamani. Nitukane tu yaishe."

"Sikupimi. Nilikusamehe siku ileile, hujafika hata barabarani. Mungu ni Baba yangu, na hajawahi kunisimamisha mlangoni mpaka nitengenee. Nikusimamishe wewe?"

"Na nikikukata tena?"

"Utakuwa umenikata ukiwa nyumbani."

Mdogo wangu alilia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake. Mimi nilikasirika. Nilikasirika mpaka nikaona wivu, maana miaka yote nimesukuma vizuri na hakuna aliyenililia wala kunikumbatia.

Baba akanigeukia. "Ubao huu mrefu, mwanangu. Njoo tupokee wote."

Aliniita kwa sauti ileile aliyomwitia yeye. Nikaweka brashi chini, nikaenda, nikashika ubao kando ya mkono wake wenye vidole pungufu. Mdogo wangu alijifuta machozi kwa mkono wa koti, akawasha msumeno. Akaanza kusukuma, polepole mno, akitutazama sisi kuliko ubao.

"Tazama kazi!" nilimfokea.

Akatazama kazi. Sikumwamini hata chembe, na meno ya msumeno yalikuwa yanakuja. Sikuondoa mikono.