Diski ya W

Ofisi nzima ilimwita Mwalimu, na jina lenyewe lilimvimbisha kichwa. Ndiye aliyeanzisha utaratibu wa herufi: mtengeneza programu akichukua nakala yake ya kazi kutoka hazina ya pamoja, anaipa herufi, nayo inatokea kwenye kompyuta kama diski. Yake ilikuwa W, mwaka wa sita huo.

Alipokwenda likizo, kompyuta yake ikaazimwa na Mgeni, dada aliyekuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Mgeni akaihamishia W kwenye nakala yake yeye, kisha, mstaarabu wa watu, akabandika kikaratasi kwenye skrini: "Shikamoo Mwalimu. W ni yangu mpaka Ijumaa."

Jumatano Mwalimu akarudi, wa kwanza kufika. Akakibandua kikaratasi bila kukisoma, akakibandika kwenye daftari lake, akafuta kila kitu ndani ya W ili achukue nakala mpya. Ndivyo alivyozoea, macho yamefumbwa! Alipokuja kukisoma, kazi ya siku tisa, ambayo Mgeni alikuwa hajairudisha hazinani, ilikuwa imekwenda na maji.

Angesema pale pale, yangeisha. Lakini Mgeni aliingia, akafungua W, akashika kichwa.

"Mwalimu, ni tupu! Nimefanya nini mimi?"

"Labda ulikosea amri," akajibu. Loo, mtu mzima yule! Masikio yalimwaka moto, akajifanya anatafuta kalamu.

Saa tano bosi akawaita wote wawili. Mama yule hakuwa na maneno mengi.

"Binti, siku tisa zimepotea. Nikuongezee muda wa majaribio, au tuagane?"

Mgeni alimtazama Mwalimu. Mwalimu alijiona mdogo, mdogo kabisa.

"Bosi, ni mimi," akasema. "Nimefuta mimi. Aliniandikia, sikusoma. Halafu nikamsingizia."

Bosi akavua miwani. Alimruhusu Mgeni aende, Mwalimu akabaki kusemwa mpaka jasho likamtoka.

Alipotoka alimkuta Mgeni mlangoni.

"Dada, nisamehe. Sijui nikuambie nini."

"Kikaratasi nilikiona kwenye daftari lako tangu saa tatu," Mgeni akasema taratibu. "Nilikuwa nakusubiri useme, Mwalimu."

Alitamani asingeliitwa jina lile.