Udongo wa Kumpa Mgeni

Tabita alijua kwa nini mahindi yao yamegeuka njano, na kujua huko ndiko kulikomkosesha raha.

Kabla ya mvua, Brayson, bwana shamba wa mradi, alifika Hasamba na kifaa cha kupima mashamba kwa setilaiti. Kila kaya aliiachia mfuko. "Choteni udongo huku na huku, mchanganye," alisema. "Kila kipande cha shamba kina njaa yake."

Eliudi, mume wa Tabita, alikuwa mjini Vwawa siku hiyo. Tabita akalitazama shamba lao lililochoka, akaona haya. Udongo ule ndio ukafunuliwe mbele ya wasomi? Mgeni hapewi ukoko! Akaujaza mfuko udongo mweusi wa pale lilipokuwa zizi la baba mkwe.

Majibu yakaja kwa simu: shamba lina rutuba, msiweke mbolea ya kukuzia. Basi Eliudi akavimba kichwa. Akausoma ujumbe kanisani, akausoma na mashineni kwenye foleni ya kusaga. Mfuko wa urea, mbolea yao ya kukuzia iliyokuwa ndani, akamwahidi mdogo wake, Isaka.

Sasa mahindi yalikuwa ya magotini, njano tupu, isipokuwa pale lilipokuwa zizi. Eliudi alisema ni jua tu. Wangechelewa kidogo, hata mbolea isingefaa kitu, na watoto wangekula nini? Kila Tabita alipofungua mdomo aseme, maneno yalirudi tumboni.

Asubuhi moja yakaja yote kwa mpigo: Isaka na baiskeli kufuata mbolea yake, Brayson na kifaa cha kusoma rangi ya majani.

"Shemeji, mzigo wangu uko wapi?" Isaka aliuliza.

"Subiri kwanza bwana shamba apime," Tabita alisema.

Eliudi akamshika Brayson mkono, akampeleka moja kwa moja zizini. Brayson akaweka kifaa kwenye jani, akatabasamu.

"Safi kabisa, mzee. Hapa hakuna njaa."

Isaka hakungoja zaidi. Akautoa mfuko ndani, akaanza kuufunga kwenye baiskeli. Tabita akamtazama mumewe, aliyemsimamisha mgeni ayape mgongo mahindi yote ya njano, asiyaone. Kumbe naye anaona haya! Hofu yake ikageuka hasira.

"Bwana shamba, njoo huku chini."

"Mama Jenista!" Eliudi alinong'ona kwa ukali. "Mgeni hapelekwi jalalani."

"Leo anapelekwa. Ule udongo niliutoa hapo ulipomsimamisha, baba Jenista. Wote. Sikutaka tuonekane maskini."

Eliudi akainamisha kichwa, akautazama udongo mweusi chini ya viatu vya mgeni.

Kisha akamgeukia mdogo wake. "Isaka," alisema, "fungua hiyo kamba."