Jicho na Shemeji Yake

Kikosini walimwita Jicho, na mwenyewe alilipenda jina hilo. Kwenye mota, ule mzinga mfupi unaobebwa na askari wa miguu, kazi yake ilikuwa darubini ya kulengea. Wenzake walidondosha makombora mdomoni mwa bomba. Yeye alipiga goti kando, akazungusha vigurudumu mpaka viputo vya pimamaji vitulie katikati na mstari wa kwenye kioo ukae sawasawa juu ya vijiti vyekundu na vyeupe vilivyochomekwa ardhini. Mlengaji wa mota haoni anachokipiga. Anaona vijiti vyake tu. Shabaha huiona mtu mwingine aliye mbali, anayemtajia namba kwa redio.

Mtu huyo alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake. Walitaniana tangu siku ya posa.

"Bila mimi ungepiga mawingu," shemeji alizoea kusema.

"Na wewe bila mimi ungewatupia maneno," Jicho humjibu, na kikosi kizima huvunjika mbavu.

Asubuhi ile adui walikuwa wameweka bunduki kubwa juu ya ghala la pamba, katika mji wa kina Jicho wenyewe, ng'ambo ya mto. Raia walikwisha kuhama. Dada na mama walikuwa kwenye kambi ya wakimbizi. Shemeji ndiye aliyewapandisha lori kwa mikono yake.

"Ghala la pamba," redio ikakwaruza. "Naliona paa. Piga."

Kombora la kwanza likapitiliza.

"Punguza hamsini. Kushoto kidogo."

Jicho akazungusha, akasubiri kiputo kitulie, akatazama vijiti. "Tayari!"

La pili likatumbukia katikati ya paa. Wenzake wakampigapiga mgongoni. Shemeji akacheka redioni: "Leo umetunga uzi kwenye sindano, bwana!"

Walipovuka mto walimkuta mama ameketi nje ya ghala, vumbi jeupe kichwani, masikio yamekufa ganzi. Alikuwa ameng'ang'ania kurudi kuchukua dawa zake, na dada akakataa kumwacha aende peke yake. Risasi zilipoanza wakajificha stoo ya chini ya ghala, wasijue nani yuko juu yao. Dada alilala pale mlangoni, amefunikwa mtandio wa mama mpaka usoni.

Shemeji akapiga magoti mbele ya mama. "Ni mimi, mama! Mimi ndiye niliyetaja namba!"

Ilibidi apige kelele ndipo mama asikie.

"Muongo!" Jicho akamsukuma. "Mama, yeye alisema tu. Aliyelenga ni mimi. Mkono ni wangu!"

"Mimi nililiona lile paa!"

"Na mimi nikalitoboa!"

Wakawa wanapokonyana lawama kama watoto wanaogombea kitu, kila mmoja akiivuta kwake, mpaka mama akainua kiganja.

"Basi," alisema. "Mwanangu hamtamgawana."

Baada ya mazishi shemeji aliacha jeshi akarudi kwao, wala hakuaga. Sajini alimwita Jicho akamwambia hana kosa, alilenga vilivyo, kila kitu kilikuwa sawa. Maneno hayo ndiyo yaliyomkata maini. Laiti angekosea! Laiti kiputo kingechezacheza, mkono ukateleza kidogo, kombora likaangukia mtoni. Akakabidhi darubini, naye akavua sare.

Mama alihamia kwa mama mdogo. Jicho huenda huko kila mapumziko ya kazi. "Shikamoo, mama," huita kwa sauti ya juu. "Marahaba," huitikia kutoka ndani, lakini hatoki. Mama mdogo humwekea kiti barazani, wakazungumza mambo ya mvua na bei ya sukari.

Juzi alikuwa amekaa vivyo hivyo akamsikia mama akiuliza chumbani, "Amekula huyo?"

"Bado," mama mdogo akamjibu kwa sauti ya juu.

"Mpelekee chakula. Kitapoa."

Sahani ikaletwa. Jicho akaiweka magotini akala, machozi yakimdondokea mchuzini, wala hakunyanyua uso mpaka akaimaliza yote.