Mifarishi ya Vinnie Crenshaw

Nyumba ya Vinnie Crenshaw iliungua Jumapili moja ya Januari, mwaka 1951, watu wote wakiwa kanisani. Cheche ilitoka kwenye bomba la jiko la kuni ikashika paa la mbao, na familia iliporudi na mkokoteni wao wa nyumbu ilikuta dohani la matofali limesimama peke yake katikati ya majivu. Vinnie, mumewe Ocie na watoto wao wanne walibaki na nguo za kanisani walizovaa.

Pale Shiloh, kijiji cha wakulima weusi wa pamba huko Alabama, hakuna aliyengoja kuambiwa la kufanya. Mtu akiunguliwa, wanaume huleta mbao, wanawake hushona mifarishi, mablanketi mazito ya viraka. Safari hii walikusanyika kwa Arzula Tolliver, kwa sababu fremu yake ya mbao ya kutandazia mfarishi ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Ilining'inia darini kwa kamba nne, na ikishushwa wanawake wanane waliweza kuizunguka na sindano zao.

Arzula aliishusha mwenyewe. Yeye na Vinnie walikuwa hawasemezani mwaka wa nane sasa.

Zamani walikuwa hawabanduki. Kisha wakashona mfarishi wa kumpa mchungaji, na usiku wa kuamkia siku ya kuutoa Arzula akaifumua mishono yote ya Vinnie, iliyokuwa mirefu na ya kwenda upande, akaishona upya kwa mkono wake. Habari ilimfikia Vinnie ndani ya wiki. Hakugombana. Alihamia tu benchi la upande wa pili kanisani, na hakurudi.

Basi Jumatatu ile wanawake walimwaga chini walichokuwa nacho: suruali za shamba zilizochakaa magotini, shati la marehemu fulani, mapazia, nguo za watoto waliokwisha kukua. Walikata viraka, wakaviunganisha. Chini waliweka magunia ya unga yaliyofuliwa, na katikati pamba ya masalio, waliyoipiga kwa fimbo mpaka ikalainika. Arzula alifungua kabati, akatoa gauni lake la buluu la sikukuu, akalikata kabla hajapata nafasi ya kulifikiria mara mbili.

Jumanne asubuhi, mfarishi wa tatu ukiwa kwenye fremu, mlango ulifunguliwa. Alikuwa Vinnie, na viatu vya kuazima vilivyompwaya.

"Nimechoka kukaa kwa watu mikono mapajani," alisema. "Nipeni sindano."

Wanawake walimtazama Arzula. Mama Pinkie, aliyekuwa mkubwa wao wote na ambaye ulimi wake haukuwahi kufungwa na mtu, akamsogezea subana ya kuvaa kidoleni.

"Kaa pale, mwanangu. Kiti ni kimoja tu kilichobaki."

Kiti chenyewe kilitazamana na Arzula. Vinnie aliketi, akatunga uzi, akaanza kushona. Alimaliza mstari mzima wa mishono. Kisha Vinnie, bila kuinua uso, akauliza:

"Nikitoka hapa utaifumua hii nayo?"

"Siifumui."

"Maana nisije nikachoka bure."

"Nimesema siifumui, Vinnie." Arzula alichoma sindano kwenye kitambaa akaiacha hapo. "Na ile ya zamani, tatizo halikuwa mishono yako. Nilitaka mchungaji auone mfarishi aseme, huu ni wa Arzula. Basi. Nilikuwa na uchu wa sifa za watu."

Vinnie alimtazama sasa. "Na akasifu?"

"Alimtandikia mbwa wake wa kuwindia, nyuma ya gari."

Mama Pinkie ndiye aliyeanza kucheka, akafuatwa na wengine, mpaka fremu ikatikisika kwenye kamba zake. "Miaka minane mmenuniana," alisema akijifuta macho, "kumbe kwa ajili ya mbwa."

Vinnie naye alicheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kitu kingine, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili akalia. Alilia mifarishi ya marehemu mama yake, kumi na mmoja kwa hesabu, iliyokuwa imekunjwa juu ya sanduku. Alisema katika mmoja kulikuwa na kipande cha aproni ya mama, na ukikiweka puani ulikuwa bado unapata harufu ya moshi wa kukaushia nyama. Hakuna aliyemwambia nyamaza. Waliendelea kushona huku akilia, na Arzula akanyoosha mkono chini ya kitambaa akalishika goti la Vinnie, akalishikilia hivyo hivyo mpaka alipotulia na kuuliza kama kuna mkate wa mahindi uliobaki.

Kufikia Ijumaa mifarishi ilikuwa saba, mmoja zaidi ya watu wa nyumba ile. Ocie aliipakia mkokotenini, akaishughulikia kana kwamba ni mayai. Nyumba mpya ilisimama kabla ya msimu wa kupanda. Tangu hapo Vinnie hakukosa siku ya kushona kwa Arzula, awe aliyeunguliwa ni jirani au mtu wasiyemjua wa ng'ambo ya mto, hadi homa ya mapafu ilipomchukua mwaka 1968.

Arzula ameishi miaka mingi baada yake. Binti yake Nettie alimhamishia Birmingham, kwenye nyumba yenye joto la gesi, na kila Jumatano humpeleka ukumbi wa kanisa, ambako wanawake hushona mifarishi ya watu wasio na makazi. Wanatumia cherehani. Ni wepesi kuliko wale wa Shiloh, na mishono yao imenyooka kama reli. Arzula huwasifia kwa dhati, huwakatia viraka, huwachagulia rangi.

Siku moja Nettie alimuuliza anakumbuka nini zaidi cha Shiloh.

"Magoti," alisema Arzula. "Wanawake wanane, magoti yote chini ya kitambaa kimoja. Wiki nzima ile ya Januari hatukuhisi baridi miguuni."