Maji Baridi Kwanza

Kwaru, kwaru, kwaru. Sauti hiyo iliniamsha kabla sijafumbua macho, na nilijua inatoka kwa nani. Shemeji yangu Bernadetha, mke wa kaka yangu Masele, alikuwa amechuchumaa uani kwetu Kabungu, anasugua keni ya maziwa kwa mchanga.

"Uchafu haupo kwenye keni," nilimwambia nikitoka. "Upo mikononi mwako."

Akachota mchanga mwingine, akaendelea kusugua.

Siku mbili mfululizo maziwa yake yalikuwa yamekatika jikoni kwa Mwanahija, mwenye mgahawa kule mjini, Makanyagio. Jioni ya siku ya pili nilisimama mbele ya Masele nikasema shemeji ni mchafu. Masele akaamua: yakikatika tena, wale ng'ombe watatu anaowakamua Bernadetha watahamia kwa mama. Kwetu mwanamke akiolewa hupewa ng'ombe wake wa kukamua, na maziwa hayo hakuna anayemuuliza. Kunyang'anywa ni kuambiwa mbele ya ukoo kuwa nyumba imekushinda.

Nilifunga keni kwenye pikipiki nikaondoka.

"We Ndaki," Mwanahija alinipokea, mkono kiunoni, "leo umeniletea maziwa au mtindi?"

"Chemsha uone."

Akachemsha. Yakapanda, yakagawanyika: mabonge huku, maji kule.

"Siku ya tatu hii! Wateja wangu wanywe chai ya rangi mpaka lini?"

Nikapandwa na hasira. "Lawama si zangu! Keni naimwagia maji yanayochemka mimi mwenyewe, nikifika tu nyumbani. Redioni walisema maji ya moto yanaua vijidudu. Mwezi mzima nafanya hivyo! Mchafu ni shemeji."

Pembeni mzee Respicius, afisa mifugo, aliweka kikombe chake chini. "Na kabla ya hayo maji ya moto, unaisuuza na nini?"

"Na nini tena? Hayohayo."

"Mwanahija, naomba yai moja na sahani mbili za bati."

Mzee alipaka ute wa yai kwenye sahani zote mbili. Ya kwanza akaimwagia maji baridi ya ndooni. Ute ukateleza, bati likang'aa. Ya pili akaimwagia maji ya moto ya birika, taratibu. Ute ukawa mweupe, ukagandia bati.

"Haya, bingwa wa redio, utoe."

Nilikwangua mpaka kucha ikauma. Mwanahija alicheka hadi akafuta machozi kwa khanga.

"Protini, iwe ya yai au ya maziwa, ni kama uzi uliojiviringa donge," Respicius alisema. "Likigusa chuma linanata, halafu linaanza kujifungua na kulala bapa. Kukiwa bado mapema, maji baridi yanaondoa madonge mengi. Ukileta moto, uzi wote unafumuka. Zile sehemu zilizokuwa zimejificha ndani zinashika chuma, zinashikana zenyewe, na donge halirudi tena. Maziwa ya kesho yanajipanga juu yake. Vijidudu vinapata nyumba."

Niligeuza mdomo wa keni kuelekea jua. Ndani kulikuwa na utando wa kijivu, tabaka juu ya tabaka. Huo ndio Bernadetha aliokuwa akiusugua kila alfajiri. Na kila mchana niliupika upya mimi.

Nikarudi Kabungu polepole, jambo ambalo si kawaida yangu.

Masele alikuwa mlangoni na mama. "Yamekatika?"

"Yamekatika."

Bernadetha hakungoja kuambiwa. Aliingia zizini, akachukua kamba za ndama wa wale ng'ombe wake watatu, akaja kumkabidhi mama. Mikono yake ilikuwa imechunika kwa ule mchanga.

"Weka kamba chini, shemeji," nilisema. "Kaka, aliyeharibu maziwa ni mimi. Nilikuwa naipika protini ndani ya keni kila siku, halafu namtukana anayehangaika kuibandua."

"Unasema nini wewe?" Masele alikunja uso.

"Nitakuonyesha kwa yai. Lakini kwanza niseme na huyu." Nikamgeukia, nikapaza sauti ili hata majirani wasikie, maana hata matusi yangu waliyasikia. "Shemeji Bernadetha, nakuahidi: kuanzia leo keni hii naiosha mimi. Maji baridi kwanza, sabuni na brashi, ya moto mwisho. Na yakikatika tena, nitajikagua mimi kabla sijalitaja jina lako."