Mstari wa Mkono wa Kushoto

Nilibatizwa Rodah, lakini Mama aliniita Katam. Kwetu katam ni kushoto. Jina lenyewe halina ubaya, wapo wazee wanaoitwa hivyo na wanaheshimiwa. Ubaya ulikuwa katika sauti yake.

Mama alikuwa fundi wa vitambaa vya kroshia. Nyumba nyingi hapa Litein, viti vimevaa kazi yake. Lakini kile cha rangi mbili, cha kugeuza, ndicho kilichomletea wateja mpaka kutoka Kaplong. Upande mmoja maua mekundu juu ya weupe; ukigeuza, maua meupe juu ya wekundu. Nilimwomba anifundishe nikiwa na miaka kumi. Akanigonga vidole kwa sindano. “Hiyo mkono itanipindulia kazi,” alisema. Miaka thelathini na minne imepita na vidole bado vinakumbuka.

Nikaenda zangu kwenye majani chai. Unachuma kwa mikono yote miwili, na karani wa kituo cha kupimia majani hajawahi kuniuliza jani hili limetoka mkono upi.

Kisha akaja Nyabate, mpangaji wetu kutoka Kisii, mtu wa mkono wa kulia. Mama alimfundisha ile kazi kwa wiki tatu, pale pale barazani, mimi nikiwapikia chai. Niliona uchungu, na sitajifanya kwamba umeisha.

Mwaka jana ugonjwa wa sukari ulimpofusha Mama, kitambaa kikubwa cha meza kikiwa nusu. Akina mama wa kanisa walikuwa wamepanga kuja kwetu kwa maombi, na yeye alitaka kiwe mezani siku hiyo. “Nyabate atamaliza,” akasema, mimi nikiwa nimemshika mkono kumpeleka choo.

Nilimfuata Nyabate chumbani kwake. “Nifundishe. Nitamaliza mimi.”

“Lakini Mama Vinny,” akaniita kwa jina la mwanangu, “si Mama amesema…”

“Asijue kwanza. Akishakisifu, ndio tutamwambia.”

Nilitaka jambo moja tu: mama yangu aseme, hata kama ni mara moja, kwamba mkono wangu ni mzuri. Mtu mzima wa miaka arobaini na minne nataka hilo. Cheka ukipenda.

Nyabate akanionyesha. Kumbe ni nyavu mbili, mmoja mwekundu na mmoja mweupe, kila tundu la huu limekaa ndani ya tundu la ule. Unashona mstari mwekundu, unauacha, unashona mweupe. Siri yote ni iwapo sindano inapita mbele ya uzi wa mwenzake au nyuma yake. Ikipita mbele, ua linatokea huku. Ikipita nyuma, linatokea kule. Ukikosea mara moja, pande zote mbili zinakusema.

Nilianza kwa mkono wangu wa kushoto, na mistari ikaenda kinyume na ya Mama. Nyabate akapapasa, akatikisa kichwa. “Hii ilianzwa na mkono ya kulia. Ukiingiza kushoto hapa, inalala vibaya. Mtu akishika tu, atajua.”

Akafumua. Basi nikajifunza kwa mkono wa kulia, kama mtoto wa nasari anayeshika penseli. Sindano ilianguka, kidole gumba kikavimba. Nilipochuma chai nilikuwa nikinong'ona, “Mbele, mbele, nyuma,” mpaka wenzangu wakaniuliza kama nimeanza kuota mchana. Baada ya miezi miwili nilikuwa nimeshona mistari arobaini, na Nyabate mwenyewe hakuweza kuonyesha Mama aliishia wapi na mimi nilianzia wapi.

Ukabaki mstari mmoja. Nyabate alikuwa ameenda sokoni. Nikahamisha sindano hadi mkono wa kushoto. Sijui kama kilikuwa kiburi. Nilitaka kwenye kitambaa kile chote pawe na mahali pangu, na mstari ulitoka haraka, safi, ukilala upande wake.

Jumamosi asubuhi, kabla ya wageni, tulimwekea Mama kitambaa mapajani. Vidole vyake vikaanza kutembea polepole.

“Nyabate, asante sana,” akasema. “Hii mkono iko sawa kabisa. Ni kama yangu.”

Nyabate alinitazama, akafungua mdomo. “Mama, si mimi…”

Lakini vidole vilikuwa vimefika ukingoni. Vikasimama. Vikarudi, vikapita tena.

“Hapa ni Katam ameshika,” Mama akasema. “Tangu lini anagusa kazi yangu? Nyabate, fumua hiyo mstari. Wageni wasione.”

“Mwambie,” Nyabate akaninong'oneza, machozi yakimlengalenga.

Sikumwambia. Angejua, angetaka ifumuliwe yote arobaini na mmoja, na nilikuwa nimeipenda ile arobaini. Nilikichukua kitambaa, nikakaa miguuni pake, nikavuta uzi. Mstari wa kroshia hufumuka upesi sana, nyuzi zote mbili zikarundikana sakafuni. Kisha nikashika sindano kwa mkono wa kulia, nikaanza kuushona tena, mbele, mbele, nyuma, na Mama akanyoosha kidole akapapasa.

“Eeh, hapo sasa,” akasema. “Hapo sawa, Nyabate.”